Hofu Yenye Sababu: Wajawazito wa Bukoba na Muleba Miaka ya Ukimwi

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa wake, lakini jina la Kagera ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Tangu hapo yameandikwa mengi: vita na Uganda vya 1978 na 1979 na askari waliovuka mpaka, magendo ya Uganda na vitambaa vya Juliana vilivyoupa ugonjwa jina lake la kwanza mitaani, wajane, yatima, vibanja vilivyojaa makaburi mapya kati ya migomba. Mjamzito naye yumo katika maandishi hayo. Ameingia, hata hivyo, kama kipimo cha janga, mtu ambaye damu yake ilionyesha ugonjwa umefika wapi, na ni mara chache sana anaonekana kama mtu aliyekuwa akilala macho usiku akifikiria kilicho tumboni mwake. Hoja ya makala haya ni kwamba hofu ya wajawazito na ya wanawake waliotoka kujifungua katika Bukoba na Muleba, kuanzia 1983 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, haikutokana na ujinga wala wepesi wa moyo. Waliogopa kwa kadiri ya maswali yao yaliyokosa majibu. Kila jibu lilipopatikana, hofu ilipungua, au ilihamia kwenye swali lililobaki.

Ili kuielewa hofu hiyo ni lazima kurudi nyuma zaidi ya 1983, kwa kuwa Ukimwi haukuwakuta wanawake wa Uhaya, nchi ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, wakiwa hawajawahi kuhesabiwa wala kulaumiwa. Tangu miongo ya mwanzo ya utawala wa wakoloni, maofisa na wamisionari wa Bukoba walikuwa na wasiwasi kwamba Wahaya wanazaa kidogo mno, na kwamba kaswende na kisonono ndivyo vinavyokausha matumbo. Mwaka 1952 wanaanthropolojia Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi katika Buganda na Buhaya, wakawauliza wanawake wamezaa mara ngapi, wangapi wamekufa na mimba ngapi zimeharibika. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1954 na bado inasomwa na wanademografia. Wakati huohuo wanawake wa Kihaya waliokwenda Kampala na Nairobi kutafuta fedha walisemwa vibaya nyumbani na ugenini, na wenye mamlaka walitafuta njia za kuwazuia wasisafiri. Mwanahistoria Frederick Kaijage wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alieleza mwaka 1993 kwamba mapambano dhidi ya Ukimwi kaskazini-magharibi mwa Tanzania yalibeba mzigo wa historia hiyo. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba aliyeubeba mzigo huo kwa uzito zaidi ni mwanamke mwenye mimba. Kwa zaidi ya nusu karne tumbo lake lilikuwa limetazamwa kama mahali ambapo ukoo unaponea au unaangamia. Ugonjwa mpya ulipoingia kwa njia ya kujamiiana, yeye alikuwa tayari na nafasi yake kwenye orodha ya washukiwa.

Mwaka 1987 mradi wa utafiti wa Ukimwi Kagera, ulioongozwa na Japhet Killewo na wenzake kwa ushirikiano na Sweden, ulipima damu za watu wazima wa miaka 15 hadi 54 mkoani kote. Bukoba Mjini asilimia 24.2 walikuwa na maambukizi, karibu mtu 1 katika kila 4. Vijiji vya Bukoba na Muleba vilikuwa na asilimia 10.0, Karagwe 4.5, na huko Ngara na Biharamulo 0.4 tu. Namba hizi zilikuwa nzito na zilistahili kutafutwa, na bila hizo hakuna ambaye angejua ukubwa wa msiba. Baada ya hapo, ili kufuatilia mwenendo wa maambukizi bila kurudia uchunguzi mkubwa kila mara, wataalamu waligeukia kliniki za wajawazito. Sababu yao inaeleweka. Mjamzito huja mwenyewe, hutolewa damu hata hivyo, na ni mtu ambaye kwa hakika amejamiiana. Utaratibu uliokubalika duniani wakati huo ulikuwa kuchukua damu iliyobaki baada ya kipimo cha kaswende, kuondoa jina, kisha kupima virusi. Kwa njia ya kliniki hizo ilijulikana kwamba mjini Bukoba maambukizi ya wajawazito yalikuwa asilimia 22.4 mwaka 1990, yakashuka hadi 13.7 mwaka 1996. Kwa wapanga mipango lilikuwa jibu. Kwa mwanamke aliyetoa damu hiyo halikuwa jibu hata kidogo, maana sampuli isiyo na jina haiwezi kumrudia mwenyewe. Alirudi nyumbani na kadi ya kliniki iliyoandikwa uzito, kimo cha mimba na matokeo ya kaswende, huku jambo lililomwogopesha kuliko yote likiwa limepimwa na kufungiwa mahali asipofika.

Tujiulize basi alikuwa na nini cha kupimia hatari yake mwenyewe. Alikuwa na macho. Katika mji ambao mtu 1 kati ya 4 ana virusi, hakuna mwanamke anayehitaji takwimu ili kujua kwamba jirani, shemeji au mume wake anaweza kuwa mmoja wao. Alikuwa pia na ujumbe wa redio na mabango, ambao katika miaka hiyo ulisema jambo moja kwa sauti kubwa: Ukimwi unaua. Ujumbe huo ulikuwa kweli, lakini haukumfikisha popote. Bila dawa yoyote, mama mwenye virusi anayenyonyesha humwambukiza mtoto katika mimba, uzazi au unyonyeshaji mara 20 hadi 45 katika kila 100. Maana yake ni kwamba watoto zaidi ya nusu walinusurika, na hilo lingemfariji mama kama angelijua. Hata hivyo, kujua kama mtoto wake ni miongoni mwa walionusurika lilikuwa jambo lingine. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hadi kufikia miezi 18, kwa hiyo hata mtoto mzima wa afya anaweza kuonyesha majibu ya mama yake. Katika miezi hiyo 18 mama alibaki akimtazama mtoto. Kila homa, kila choo laini, kila siku aliyokataa ziwa ilikuwa mtihani, katika nchi ya malaria ambako homa ya mtoto mchanga ni jambo la kila msimu wa mvua.

Juu ya hayo kulikuwa na ardhi. Kwa desturi ya Kihaya mtoto ni wa ukoo wa baba, na mjane hukaa kwenye kibanja kwa kivuli cha watoto wake zaidi kuliko kwa haki yake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory iliyotoka Kagera, aliamua kwamba sheria ya mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi inapingana na Katiba. Uamuzi huo ni mkubwa katika historia ya sheria nchini, na ulitolewa katikati ya miaka ile ambayo wanaume wenye umri wa kuoa walikuwa wakizikwa kila wiki. Kwa mjamzito ambaye mume wake ameanza kukonda, swali la nani atabaki na kibanja lilikuwa sehemu ya swali la nani atamlea mtoto, na lilimfikia kabla ya swali la virusi. Tukisema kwamba alikuwa na wasiwasi, tunasema kwa ufupi sana. Alikuwa akipiga hesabu ya kifo cha mume, cha mtoto, chake mwenyewe, na ya paa litakalobaki.

Hapa atatokea mtu wa kupinga, naye ana ushahidi. Atasema: kama wanawake hawa waliogopa kwa akili timamu, imekuwaje katika miaka hiyohiyo wakawapeleka watoto wao kung'olewa meno ya plastiki? Swali ni la haki. Mwanaanthropolojia Brad Weiss, aliyefanya utafiti Uhaya mwishoni mwa miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1992 uchunguzi wa maradhi hayo ya watoto wachanga, yaliyosemekana kuwa mapya. Mtoto mwenye homa, anayeharisha, anayetapika na kukataa kunyonya, alitazamwa kwenye ufizi. Uvimbe mweupe mahali yanapojengeka meno ya chonge uliitwa jino la plastiki, sehemu nyingine za Tanzania likaitwa la nailoni, na mganga aliling'oa kwa chombo chenye ncha. Madaktari wa meno waliochunguza desturi hii nchini katika miaka ya 1990 walionyesha madhara yake: kilichong'olewa ni chipukizi la jino halisi la mtoto, kidonda kiliweza kuvuja damu au kuingia wadudu, na chombo kimoja kilichotumiwa kwa watoto wengi kingeweza kusambaza maradhi yaleyale yaliyoogopwa. Sitaki kuitetea desturi hiyo kwa neno hata moja. Iliumiza watoto, na bado inawaumiza mahali inapoendelea.

Lakini tazameni dalili zenyewe. Homa, kuharisha, kutapika, kukataa ziwa, kukonda: ndizo dalili za malaria, ndizo za maambukizi ya tumbo, na ndizo za mtoto aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi. Mama hakuwa na njia ya kuzitofautisha, na kwa miezi 18 hata hospitali ilikuwa na shida kuzitofautisha. Kati ya maelezo aliyopewa, moja lilimwambia kwamba mtoto atakufa, kwamba chanzo ni damu na maziwa yake mwenyewe, na kwamba hakuna la kufanya. Maelezo mengine yalimwambia kwamba kuna kitu kigeni kinywani mwa mtoto, kinaonekana kwa macho, kinatoka leo, na hakuna wa kulaumiwa. Ni rahisi kuona kwa nini maelezo ya pili yalipata wateja. Weiss mwenyewe aliyasoma maradhi hayo kwa upande wa chakula, kinywa na bidhaa za viwandani zilizoingia katika maisha ya Wahaya, wala hakuyafanya kuwa tafsiri ya Ukimwi, nami simwekei maneno mdomoni. Ninachodai ni kidogo zaidi: watoto wengi waliong'olewa meno hawakuwa na virusi, lakini mama zao walikuwa na hofu ya virusi, na mganga ndiye pekee aliyewapa jibu siku hiyohiyo. Kosa lilikuwa katika jibu. Kutafuta jibu halikuwa kosa. Inafaa pia kukumbuka kwamba mara nyingi aliyemtazama mtoto ufizini kwanza alikuwa bibi au mama mkwe, mwenye mamlaka ndani ya nyumba ya mzazi katika wiki za mwanzo, ambazo mwanamke wa Kihaya hutunzwa ndani na haamui mambo peke yake. Kumlaumu mzazi kwa ushirikina ni kusahau ni nani alikuwa amekaa kitandani na ni nani alikuwa amesimama.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine kabisa, na limewahi kusemwa na watu wenye nia njema. Linasema kwamba hofu ilisaidia. Bukoba Mjini maambukizi ya watu wazima yalishuka kutoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Sehemu ya mteremko huo ni vifo, lakini si yote, kwa sababu kushuka kulionekana wazi kwa wanawake vijana, ambao wengi wao walikuwa wameanza kujamiiana katikati ya janga. Watu walibadilisha mwenendo, na mazishi yasiyokwisha yaliwafundisha kuliko semina yoyote. Nalikubali hilo lote kwa msichana ambaye bado hajaolewa na kwa mwanamume anayechagua kulala nyumbani. Kwa mwenye mimba silikubali. Hofu hufaa pale panapobaki uamuzi wa kufanya, na yeye uamuzi wake ulikwisha kupita. Hakuweza kumwambia mume avae kondomu huku wote wawili wakitaka mtoto na ukoo ukiuliza mbona kimya. Hakuweza kuacha mimba iliyokwisha kuingia. Wala hakuweza kuondoka kwenye kibanja bila kuacha watoto. Faida ya hofu ilikwenda kwa wengine, na maumivu yake yakabaki kwake. Anayesifu hofu kama chanjo ya jamii aeleze kwanza ni nani aliyechomwa sindano.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Madaktari wangejibu nini, wakati hawakuwa na dawa? Kwa nini umwambie mwanamke mwenye mimba ya miezi sita kwamba ana virusi, kisha umrudishe kwa mume anayeweza kumfukuza, bila kidonge mkononi? Waliochagua kupima bila majina walikuwa na hoja hiyo, na walimlinda mwanamke kwa kadiri walivyoweza. Kwa miaka ya 1980 hoja hiyo inasimama. Tatizo linaanza mwaka 1994. Mwezi Februari mwaka huo matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa yalionyesha kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa mama wakati wa mimba na uzazi na kwa mtoto baada ya kuzaliwa, inapunguza maambukizi kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Kuanzia siku hiyo hakukuwa tena na ukweli katika kusema kwamba mtoto hawezi kukingwa. Kilichokuwa kweli ni kwamba mtoto wa Bukoba hawezi kukingwa kwa bei ile, na kwa utaratibu ule wa vidonge vya mara tano kwa siku pamoja na dripu ya leba. Ilichukua hadi mwaka 1999 kuchapishwa kwa matokeo ya utafiti wa Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu, yaliyoonyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama anapoanza uchungu, na matone machache kwa mtoto ndani ya siku tatu, kinapunguza maambukizi kwa karibu nusu. Mwaka 2000 Tanzania ilianza huduma ya kumkinga mtoto kwa majaribio katika hospitali tano: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya, na hospitali ya mkoa mjini Bukoba. Kati ya Ndolage 1983 na kidonge cha Bukoba kulikuwa na miaka 17. Kati ya 1994 na kidonge hicho kulikuwa na miaka 6, na katika miaka hiyo 6 damu za wajawazito wa Bukoba ziliendelea kutoa asilimia zake.

Isitoshe, dawa haikuwa jibu pekee lililowezekana. Mwanamke angeweza kuambiwa kwamba watoto wengi wa akina mama wenye virusi huzaliwa na kubaki salama. Angeweza kusaidiwa kuandika wosia, kupanga mlezi, kuhojiana na shemeji juu ya kibanja mbele ya mashahidi. Chama cha WAMATA, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage, kilionyesha kwamba ushauri nasaha na kushikana mikono vinawezekana hata pasipo dawa, tena kwa lugha ya watu wenyewe. Huduma ya namna hiyo ingeingia katika kila kliniki ya wajawazito, kuanzia hospitali ya mkoa hadi Rubya, Kagondo na Ndolage, wasiwasi ungekuwa na mahali pa kwenda. Ilibaki kuwa kazi ya wachache wenye moyo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba hofu hii ilifuata hali halisi ni jinsi ilivyobadilika dawa zilipofika. Kidonge cha nevirapine kilimlazimu mwanamke kupimwa kwa jina lake, kupokea majibu, na mara nyingi kukibeba kidonge nyumbani ili akimeze uchungu ukianza. Tangu hapo swali la kifo cha mtoto lilipoa kidogo, na swali la siri likapanda. Nani atakiona? Nitamwambia mume nini? Kisha ikaja habari ya maziwa. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika nchi ambako watoto hufa kwa kuharisha na utapiamlo, mama anyonyeshe hata akiwa na virusi. Kufikia mwisho wa muongo huo ushauri uligeuka: mama aelezwe hatari, achague mwenyewe, na kama maziwa mbadala yanakubalika, yanawezekana, yanapatikana kwa bei anayoimudu, kwa kudumu na kwa usalama, asinyonyeshe kabisa. Mwaka 2010 ukageuka tena: anyonyeshe, huku yeye au mtoto akiwa kwenye dawa. Wanawake wa Kagera waliozaa watoto watatu kati ya 1992 na 2010 wangeweza kusikia mashauri matatu yanayopingana, kila moja likitolewa kwa uhakika uleule na mtu aliyevaa koti jeupe.

Uchunguzi wa Sebalda Leshabari na wenzake katika eneo la Moshi, uliochapishwa mwaka 2007, ulieleza ugumu wa uchaguzi huo kwa wanawake wa kaskazini mwa Tanzania, na hakuna sababu ya kudhani Bukoba ilikuwa tofauti. Katika nyumba ambayo mama mkwe hulala na mzazi, mtoto asiyenyonya ni tangazo. Maziwa ya kopo yalikuwa ghali, na mwenye nayo aliulizwa. Aliyeamua kunyonyesha kwa siri ya moyo wake alimeza kila mlio wa mtoto kama shitaka. Aliyechanganya ziwa na maziwa ya ng'ombe ili kuridhisha pande zote mbili, kama wengi walivyofanya, ndiye aliyemweka mtoto katika hatari kubwa zaidi, maana utafiti umethibitisha kwamba kuchanganya katika miezi ya mwanzo huongeza maambukizi kuliko kunyonyesha pekee. Hapo tunaona wazi: mama alipewa jibu la nusu, na wasiwasi wake ukakaa hasa kwenye ile nusu iliyokosekana. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Mwaka 2013 ikaamuliwa kwamba kila mjamzito anayekutwa na virusi aanze dawa mara moja na aendelee maisha yake yote. Akizitumia vizuri, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5 hata akinyonyesha. Virusi havijaondoka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 6.5 ya watu wazima wa Kagera wanavyo. Lakini mwanamke anayeingia kliniki leo Muleba na kukutwa navyo anatoka na chupa ya vidonge na tarehe ya kurudi, na hicho ndicho mama yake alichokosa.

Anaweza kubaki msomaji mwenye shaka akisema: yote haya ni makisio, wanawake wenyewe hawakuulizwa. Ni kweli kwamba wasiwasi wa wajawazito wenye virusi ulianza kupimwa kitaalamu Tanzania kwa kuchelewa. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2002 uthibitisho wa dodoso la kupima mfadhaiko na wasiwasi kwa wajawazito wenye virusi, nao walifanya kazi hiyo Dar es Salaam. Kagera ilikuwa imeshapimwa damu kwa miaka 15 kabla ya yeyote kutafuta chombo cha kupimia hofu. Lakini ukimya wa madodoso si ukimya wa watu. Aldin Mutembei, katika kitabu chake cha 2001 juu ya Ukimwi katika ushairi wa Kihaya, alionyesha jinsi lugha ya watu ilivyobadilika kadiri janga lilivyosonga. Mlango wa mganga wa meno, ukumbi wa mahakama, foleni ya kliniki: hizo ni kumbukumbu. Mwanahistoria anayesubiri dodoso ndipo aamini kwamba mwanamke aliogopa amejifunga mikono mwenyewe.

Jambo hili lina uzito leo kwa sababu Kagera haijaacha kupata milipuko. Tarehe 21 Machi 2023, miezi miwili tu baada ya Uganda kutangaza mwisho wa Ebola yake, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilaya ya Bukoba, ni Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 wamefariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa huo ulithibitishwa Biharamulo, na watu 10 walikufa. Hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Kazi ya kuwafuata waliokutana na wagonjwa ilifanywa kwa bidii, na mlipuko wa Bukoba ulizuiwa kabla ya kuenea, jambo la kujivunia. Lakini fikirieni mjamzito wa Maruku mwezi Machi mwaka ule. Homa, kutapika na kutokwa damu ni dalili za Marburg, na ni dalili za mimba inayoharibika. Akienda kituoni anaogopa kuambukizwa hapo, maana mhudumu mwenyewe amekufa. Akitokwa damu anaogopa kutengwa badala ya kutibiwa. Akibaki nyumbani anaogopa uzazi wenyewe. Hesabu yake ni ileile ya mwaka 1987, na haimalizwi kwa kumwambia atulie.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, na hasa waganga wakuu wa wilaya za Bukoba na Muleba, waandae sasa, kabla ya mlipuko ujao, sehemu ya tangazo inayomhusu mjamzito na mama anayenyonyesha: ajifungulie wapi, apige simu kwa nani akitokwa damu, anyonyeshe au asinyonyeshe na kwa sababu gani, nani atakaa na mtoto akitengwa. Itolewe kwa Kiswahili na kwa Kihaya, isomwe siku ileile ya kwanza pamoja na idadi ya wagonjwa, na itaje jina la kituo na namba ya mkunga.